Kununua mashua kuukuu Nungwi na kuifikisha Pangani: mwongozo kamili

Usipange siku ya kwenda kukagua mashua kuukuu kabla hujatazama mwezi uko wapi. Ukaguzi wote wa maana hufanyika chini ya chombo, na huko chini hakuonekani mpaka maji yatoke. Katika pwani ya Unguja na Tanga, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri, hupwa mnamo saa nne asubuhi, kisha hujaa tena mnamo saa kumi jioni. Asubuhi moja ya bamvua basi inakupa mashua iliyolala mchangani, jua limeshapanda, na saa mbili tatu za kuizunguka kabla maji hayajarudi. Ukienda wakati wa maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, utakikuta chombo kinaelea, muuzaji anakusifia rangi, nawe huna la kumjibu.

Ninaandika kwa anayetaka mashua au dau la mbao la mita 6 hadi 9, lililokwisha kufanya kazi miaka kadhaa, akalinunue Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja ambako mafundi wangali wanaunda vyombo ufukweni, kisha alipeleke Pangani kwa tanga. Ni kama kilomita 50 za bahari. Anayenunua kwingine, iwe Kilwa au Lamu, atabadilisha sehemu ya safari tu. Ukaguzi ni ule ule.

Kabla ya kupanda boti kwenda Unguja

Piga simu, uliza mambo mawili. La kwanza: mara ya mwisho mashua imeingia majini lini? Chombo kilichokaa ufukweni miezi mingi mbao zake zimekauka na kusinyaa. Kikishushwa kitavuja kila mahali siku ya kwanza, halafu mbao zitavimba na uvujaji utapungua. Huo si ugonjwa. Chombo ambacho hakijawahi kuvutwa juu kwa mwaka mzima ndicho cha kutilia shaka, maana huenda wadudu wa baharini watobao mbao wamekwisha kuhamia humo.

La pili: ni cha nani? Hapa usione haya kuuliza mara tatu. Vyombo vingi vya pwani vina wenyewe zaidi ya mmoja. Wapo waliochanga fedha za kuunda, yupo mwenye tanga lake, na mara nyingi mwenye chombo amefariki na chombo ni mirathi. Anayekiuza anaweza kuwa mtoto mkubwa aliye karibu na pwani, huku dada zake wawili wako Dar es Salaam na hawajui kama mashua ya baba inauzwa. Ukinunua bila idhini ya warithi wote, siku moja utafuatwa Pangani na watu wenye haki kamili ya kukudai. Zungumza nao wote, hata kwa simu, mbele ya sheha, yule kiongozi wa mtaa upande wa Zanzibar.

Tafuta fundi wa kwenda naye. Asiwe ndugu wa muuzaji, na asiwe yule aliyeiunda mashua hiyo, kwa kuwa hakuna fundi atakayeishutumu kazi ya mkono wake. Mlipe ujira wa siku, umwambie wazi kwamba fedha yake ni ile ile ukinunua au usiponunua. Fundi anayengoja asilimia ya bei atakuonyesha uzuri tu.

Mkuku kwanza, mengine baadaye

Ukifika usianze kwa kupanda ndani, ingawa ndiko muuzaji atakakokukaribisha. Simama mbele ya omo, yaani pua ya chombo, hatua kumi nyuma, funga jicho moja, utazame mkuku, lile gogo la chini lililo uti wa mgongo wa chombo, mpaka fashini, mti unaosimama nyuma. Kisha nenda tezi, upande wa nyuma, ufanye vivyo hivyo. Mkuku unapaswa kuwa mstari ulionyooka, au uwe na mpindo ule ule aliouweka fundi tangu mwanzo. Ukiona katikati umeinuka na ncha mbili zimelala chini, chombo kimevunjika mgongo. Kimebebeshwa mzigo vibaya miaka mingi, au kimepweleka juu ya jiwe na kuachwa hapo. Mkuku uliopinda hivyo haunyooshwi kwa gharama inayolingana na bei ya mashua kuukuu. Shukuru, agana na watu, rudi zako.

Mkuku ukiwa sawa, piga magoti. Ubao wa kwanza unaokaa juu ya mkuku, kila upande, ndio unaoumia kuliko zote. Maji ya ngama, yale yanayokusanyika ndani chini kabisa, hukaa hapo, mchanga husugua hapo, na misumari yake hubeba kila pigo la kugusa chini. Chukua kisu chenye ncha, ukichome kwa nguvu za kiganja kila baada ya shubiri moja, hasa pale mbao zinapokutana na hanamu mbele na fashini nyuma. Ubao mzima hukirudisha kisu. Uliooza hukipokea. Kisha gonga kwa mpini wa nyundo na usikilize: ukitoka mlio mkavu, songa mbele, ukitoka mlio mzito wa kitu kilicholowa ndani, weka alama kwa chokaa na umwite fundi.

Wadudu watobao mbao hawaonekani kirahisi. Huingia wakiwa wadogo mno, hivyo tundu la nje huwa kama la sindano, lakini ndani wamechimba njia nene kama kalamu, nyingi, zikifuata urefu wa ubao. Ubao unaweza kuwa mzuri wa kutazama na usiwe na nyama. Dawa yake ni kukwangua. Omba ruhusa ya kukwangua rangi mahali panne patano, kiasi cha kiganja, chini ya mstari wa maji. Muuzaji akikataa kukwanguliwa rangi aliyoipaka juzi, amekwisha kukujibu.

Tazama pia misumari. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye kichwa cha msumari si aibu kwa chombo cha miaka kumi. Chuma na chumvi ni maadui wa zamani. Kinachotisha ni michirizi iliyopangika katika taruma moja zima, yaani ubavu wa ndani wa chombo, na mbao kuanza kuachana na taruma hilo. Ingiza makali ya kisu katikati. Yakipita, misumari imekwisha kuliwa, na ubao unashikiliwa na rangi na mazoea. Omba msumari mmoja ung'olewe hapo. Ukitoka mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu, hesabu gharama ya kupigilia upya upande mzima, kwa misumari iliyopakwa zinki.

Viraka vina lugha yao. Kipande cha ubao kilichokatwa kwa mshazari na kuungwa juu ya taruma ni kazi ya fundi, na hukaa. Bati lililopigiliwa juu ya lami, au saruji iliyomwagwa ngamani, ni kazi ya mtu aliyetaka kuvuka wiki. Saruji naichukia hasa, kwa sababu huficha mkuku kwa ndani na huweka unyevu usiotoka kamwe. Mashua yenye saruji ngamani mimi huipunguzia bei kama vile ubao wa chini yake umeoza, na mara nyingi huwa umeoza kweli.

Ndani

Sasa panda. Ondoa mbao za kukanyagia zote, hata muuzaji akisema zimepigiliwa. Teka maji ya ngama kwa upo mpaka pakauke, kisha pima kila taruma kwa mkono, kuanzia mkukuni hadi juu. Mataruma huvunjika pale yanapojipinda, chini kidogo ya usawa wa maji. Moja au mawili yaliyopasuka kati ya kumi na tano hubadilishwa bila kelele. Matatu mfululizo upande mmoja maana yake mashua ilipigwa na kitu, na mbao za nje mahali hapo zirudiwe kukaguliwa.

Watu wengi hudhani bahari ndiyo iozeshayo chombo. Maji ya chumvi huhifadhi mbao. Maji ya mvua ndiyo yaozeshayo. Tafuta uozo juu basi: pembe za sitaha ndogo ya mbele, chini ya mbao za kukalia, vichwa vya mataruma vilivyo wazi, na mahali mlingoti unapopita. Mwashiri, lile gogo linalopokea mguu wa mlingoti, huwa na tundu linalokusanya maji ya mvua mwaka mzima. Ng'oa mlingoti, ingiza kidole humo. Ukitoa vumbi jeusi lenye unyevu, upepo wa kwanza mkali utaushusha mlingoti hadi kwenye mkuku.

Uliza mti. Mvule, mninga, mtondoo na mbambakofi ni majina ya kufurahia. Mwembe huundiwa kwa kuwa ni rahisi na unapatikana, lakini hauishi sana. Mashua ya mwembe yenye umri mkubwa inunuliwe kwa bei ya matumizi ya misimu michache, basi.

Tanga, kamba na usukani

Hapa nitakwenda haraka, na wewe uende haraka. Tanga lililochakaa, kamba zilizoota nywele, foromali (boriti inayobeba tanga) iliyoungwa vipande vitatu na kufungwa kamba: yote hayo hubadilishwa, na hakuna hata moja la kukufanya uache mashua yenye mkuku mzuri. Kunjua tanga, liinue dhidi ya jua uone limechoka wapi, vuta mshono kwa vidole, kisha toa gharama yake kwenye bei.

Usukani ni jambo jingine. Wazee wanasema chombo cha kuzama hakina usukani, lakini chombo kizima kilichopoteza usukani katikati ya mkondo nacho hakiko mbali. Shika kana, mkono wa usukani, uitikise kulia na kushoto. Rumada, vile vyuma vinavyoubeba usukani kwenye fashini, visicheze zaidi ya upana wa kidole, na misumari yake ipite mpaka upande wa pili na kukunjwa. Vyuma vikiwa vimelika, vipya vichongwe na mhunzi kabla ya safari.

Usiku mmoja majini

Hata fundi akiridhika, usilipe siku hiyo. Omba mashua ishushwe maji yanapojaa jioni, itiwe nanga karibu, na ilale hapo. Kama ilikuwa imekauka, ipe siku mbili tatu za kuvimba kabla ya kipimo chenyewe. Usiku wa kipimo, teka maji yote saa mbili, weka alama ya chokaa kwenye taruma la katikati, rudi alfajiri. Mashua ya mbao isiyovuja kabisa haipo. Ndoo tatu nne kwa usiku mzima naikubali kwa mashua ya mita 7 iliyosimama. Ikiwa mtu anahitaji kuamka kuiteka, tafuta maji yanatokea wapi: yakitoka kwenye mshono mmoja, ni kazi ya kalafati, kuziba mishono kwa pamba, ya nusu siku, yakitoka kila upande wa mkuku, misumari imelegea, na safari itaufungua zaidi.

Karatasi

Bei ikikubalika, andikeni mkataba wa mauziano kwa sheha, wenye majina ya wauzaji wote, mashahidi wa pande mbili, urefu wa chombo, namba iliyoandikwa ubavuni na orodha ya vifaa vinavyokwenda nacho. Nanga huwa na tabia ya kubaki Nungwi. Vyombo vya Zanzibar viko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Ukihamia bara unaingia kwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini huko. Kwa hiyo usajili wa kwanza ufungwe au uhamishwe kwa maandishi, si kwa maneno. Leseni ya uvuvi haihami pamoja na mashua: utaiomba upya kwa halmashauri ya Pangani kupitia ofisi ya uvuvi. Pita pia bandarini na forodha upande wa Unguja kabla ya kuondoka, uulize kinachotakiwa kwa chombo kinachohama, ili usiwe mtu wa kujieleza kwa askari wa doria katikati ya bahari.

Kuiandaa kwa njia

Mpe fundi siku chache. Mishono yote ya chini itazamwe, pamba iliyolegea itolewe, pamba mpya iliyolowekwa mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa) ipigwe kwa patasi. Chini papakwe rangi ya kuzuia wadudu, au shahamu ya chokaa na mafuta ya ng'ombe kama bado kuna mzee anayeijua vizuri. Mifuko ya mchanga iwe farumi, uzito wa kukituliza chombo, ifungwe isihame. Halafu fanya safari fupi ya nusu siku mbele ya Nungwi, ukiwa na watu wale wale utakaovuka nao, ili kamba ikatike pale ambapo unaweza kurudi kwa miguu.

Watu watatu ni wa lazima, na mmoja wao awe nahodha aliyewahi kuvuka njia hiyo. Kila mmoja na jaketi lake la kuokolea, limevaliwa, halikufanywa mto. Nanga mbili zenye kamba ndefu, makasia, pondo, nyupo mbili na ndoo moja, tochi, maji ya kunywa ya siku mbili, simu mbili ndani ya mifuko isiyopitisha maji zikiwa na ramani iliyokwisha kupakuliwa. Pia mfuko wa dharura: pamba, mafuta mazito ya ng'ombe, vipande vya bati, misumari midogo, nyundo na mpira wa ndani wa tairi. Pamba iliyosukwa na mafuta ya ng'ombe huziba tundu hata likiwa chini ya maji. Kama una mashine ya kupachika nyuma, ichukue, lakini usiihesabu katika mpango.

Kuvuka

Msimu mzuri wa njia hii ni wa matlai, upepo wa mashariki, Oktoba na Novemba, baada ya kusi kuchoka na kabla ya kaskazi kushika. Ukitoka Nungwi kwenda Pangani unaelekea kaskazini-magharibi, hivyo matlai ya mashariki inakujia nyuma kidogo, mkono wa kulia, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hutalazimika kukisi tanga na kuizungusha foromali mbele ya mlingoti ambao hamjuani vizuri. Kusi ya Julai ni mbaya kwa mashua usiyoizoea: inapiga karibu mgongoni kabisa, mawimbi yanaisukuma tezi, na tanga linaweza kujigeuza lenyewe na kumpiga mtu. Kaskazi inafaa ikiwa si kali. Masika usiguse. Hata Novemba, mvua za vuli huleta dhoruba fupi. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa siku tatu kabla, na wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, kaa Nungwi unywe kahawa.

Siku ya kuondoka huchaguliwa kwa mwezi, kama ile ya ukaguzi. Mdomo wa mto Pangani una fungu la mchanga. Maji yakitoka mtoni kwa nguvu na kukutana na upepo wa baharini, hapo hunyanyuka mawimbi mafupi, yaliyosimama, ambayo mashua ndogo haiyapendi. Unataka kufika maji yakijaa. Siku za maji mafu saa zimegeuka: maji hujaa saa nne asubuhi, na wewe ukifika mchana yanatoka. Siku za bamvua yanapwa saa nne na kujaa saa kumi. Ng'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi, nenda kilomita saba unusu kwa saa, na utakuwa mdomoni mnamo saa saba mchana, maji yanapanda, jua liko juu na fungu linaonekana.

Jambo la pili ni Maziwe, kisiwa cha mchanga chenye mwamba kukizunguka, ambacho ni hifadhi ya bahari na hufunikwa maji yanapojaa. Kiko karibu kabisa juu ya mstari ulionyooka kati ya Nungwi na Pangani, kama kilomita 35 kutoka Nungwi. Kwa mpango huu utakifikia kati ya saa nne na saa tano asubuhi, maji yamepwa, mchanga wake mweupe uko nje, unaonekana kutoka mbali. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua bamvua.

Kumbuka mkondo. Pwani hii mkondo mkuu huenda kaskazini, wenye nguvu zaidi wakati wa kusi. Ukikusukuma kilomita 2 tu kwa saa, ndani ya saa sita utajikuta kilomita 12 upande wa Tanga, mto uko nyuma ya bega la kushoto. Kwa hiyo elekeza omo kushoto kidogo ya unakotaka kwenda, tazama simu kila nusu saa, urekebishe mapema. Lakini usifike kusini mwa Maziwe: huko mkondo utakusukumia juu ya mwamba. Kiache kushoto kwako, kilomita mbili hivi, na ukikipita ndipo ugeukie magharibi zaidi kuutafuta mto.

Mwenye zamu ateke ngama kila saa na kuhesabu ndoo kwa sauti. Saa ya kwanza ndoo mbili, ya pili mbili, ya tatu nne: hiyo ni habari, tafuta mshono kabla ya saa ya nne. Ikiwa maji yanapanda kuliko mnavyoteka na bado hamjafika nusu ya njia, geuzeni mapema. Namba ya dharura ni 112, na mtu mmoja aliyebaki nchi kavu awe na saa mliyokubaliana: msipoonekana kufika jioni hiyo, anapiga simu.

Ukikaribia mdomo, punguza tanga, mpigie mvuvi wa Pangani uliyepanga naye, umfuate kwa nyuma. Njia ya maji ya kina huhama kila msimu, na aliyeipita jana anaijua kuliko ramani ya mwaka jana.

Wiki ya kwanza nyumbani

Nanga ikishika, mashua isiachwe. Teka maji jioni na alfajiri kwa siku saba, andika hesabu. Bamvua la pili likifika, ivute mchangani, uzunguke tena na kisu kile kile na chokaa, kwenye alama zile zile alizoweka fundi Nungwi. Mishono iliyotema pamba baada ya safari ndiyo itakayopigwa kalafati kwanza. Peleka mkataba na karatasi za uhamisho TASAC na ofisi ya uvuvi kabla ya kutia nyavu, na jitambulishe kwa kikundi cha usimamizi wa pwani cha diko lako, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, ili watu waijue mashua na mwenyewe.